Mkate wa mayai wa kima unavuja ukiwa chumani: ni unga, ni kima au ni moto?

#1 Ukwaju Mbichi
Wakuu, habari za jioni. Nauliza kuhusu mkate wa mayai wa Mombasa, ule wa kima unaokunjwa pembe nne na kukaangwa kwenye chuma cha chapati. Napika minane kwa chakula cha usiku cha watu wanne, na kila mara miwili au mitatu inavuja. Yai linatoka, linagusa mafuta, linaungua, na mkate unabaki mkavu ndani. Ile isiyovuja nayo pembe zake zina unga mbichi.

Vipimo: unga mweupe wa ngano nusu kilo, chumvi kijiko kimoja cha chai, mafuta vijiko vikubwa viwili, maji ya vuguvugu mililita 300. Nakanda dakika kumi, nafunika nusu saa, nagawa madonge manane, nasukuma hadi ukubwa wa sahani, kama sentimita 25. Kima ni nusu kilo ya ng'ombe iliyopikwa na tangawizi, kitunguu saumu, pilipili mbuzi, bizari nyembamba na ndimu. Yai moja kila mkate. Nakosea wapi?

#2 Chuma Moto
Nusu saa ni ndogo mno. Chapati unaweza kuipumzisha nusu saa ukaisukuma ikatoka, kwa kuwa haihitaji wembamba. Huu unauhitaji. Ukishagawa madonge yapake mafuta kila upande, yapange kwenye sinia yasigusane, funika kwa nailoni, yaache saa moja na nusu hadi mbili. Bonyeza donge kwa kidole: kishimo kikirudi juu upesi, bado. Kikikaa kama kilivyo, tayari.

Halafu weka kando mti wa kusukumia. Paka meza mafuta, bapaza donge kwa kiganja, kisha ingiza vidole chini ya ukingo na uvute kwa kuzunguka mpaka uone rangi ya meza kupitia unga. Madonge yako ni ya gramu mia na kidogo kila moja. Donge la uzito huo likiishia sentimita 25 bado ni nene. Lifikishe 38 au 40. Hizo pembe mbichi zinatoka hapo, maana ukikunja unga mnene mara mbili mara tatu, moto haufiki katikati ya mikunjo kabla nje haijaungua.

#3 Pembe Nne
Naunga mkono kuvuta, ila chanzo si muda, ni unga wenyewe. Kwenye pakiti angalia jedwali la lishe, mstari wa protini kwa gramu 100. Unga wa keki uko kwenye 8 au 9, na huo hata ukiulaza usiku kucha hauvutiki, utachanika tu. Kwa mkate huu tafuta 11 kwenda juu. Protini ndiyo inayojenga glutini, ile nyuzinyuzi inayofanya unga uvutike kama kitambaa. Na usitie atta, unga wa ngano usiokobolewa, hata kiganja kimoja. Pumba hukata zile nyuzi.

Kabla ya kugawa, chukua kipande kama gololi, kivute taratibu kati ya vidole. Kikiwa chembamba hadi mwanga unapita bila kutoboka, umekanda vya kutosha. Kikikatika mapema rudi ukande dakika tano zaidi.

#4 Bi Saumu
Hakuna aliyeuliza hali ya kima! Unga mzuri kuliko wote utatoboka ukiuwekea kima chenye maji. Kima cha mkate wa mayai si kima cha kulia wali, hakina mchuzi hata tone. Kipike kwa moto mkali, sufuria wazi bila kifuniko, ukivunja mabonge kwa mwiko mpaka usikie sauti inabadilika: mwanzo inachemka, maji yakiisha inaanza kukaanga, inapasuka-pasuka. Hapo ndipo kimekauka. Kisha kimwage kwenye sinia kipoe kabisa. Nusu kilo mbichi itabaki kama gramu 350 hivi, na hiyo ndiyo sawa.

Kima cha moto juu ya unga uliovutwa ni balaa jingine. Mvuke unaulainisha kutoka chini, ukija kunyanyua mkate umeganda mezani. Dada Ukwaju, vitunguu maji unavitia lini?

#5 Unguja Ukuu
Salamu wana jamvi. Nimeingia nikidhani nitakuta mkate wa mayai, nakuta kima na pilipili. Huku Zanzibar mkate wa mayai ni mayai, sukari na unga, unapigwa mpaka uumuke, unaokwa, unaliwa na chai. Mnachoeleza ninyi ni kitu kingine kabisa.

#6 Ukwaju Mbichi
Ahsanteni. @Pembe Nne, pakiti imeandikwa protini 10. @Bi Saumu, vitunguu natia vibichi, viwili vikubwa, nakatakata nachanganya na kima kikishapoa pamoja na majani ya dania na chumvi kidogo ya kurekebisha. Kisha natengeneza mikate mmoja mmoja, kwa hiyo mchanganyiko unakaa bakulini kama dakika arobaini.

#7 Bi Saumu
Basi jibu tumelipata. Kitunguu kibichi na chumvi dakika arobaini! Chumvi inavuta maji kwenye kitunguu. Inamisha hilo bakuli mwishoni uone ziwa lililo chini. Mikate inayokuvuja ni ya mwisho, sivyo?

#8 Ukwaju Mbichi
Miwili ya mwisho ndiyo, lakini hata wa kwanza umewahi kuvuja.

#9 Pembe Nne
"Hata wa kwanza umewahi kuvuja." Ndiyo maana nasema unga. Wa kwanza haukuwa na maji.

#10 Mzizi wa Tangawizi
Kitunguu kibichi msikiondoe jamani, ndicho kinachotia utamu na ule ukurukuru unapouma. Mkate wa mayai usio na kitunguu kibichi ni sambusa kubwa. Wenye kuuza mitaani hawachanganyi mapema. Kima kiko bakuli lake, kitunguu lake, mayai yake. Kikombeni wanatia vijiko vitatu vya kima, kijiko kimoja cha kitunguu, yai, chumvi ya vidole viwili, wanakoroga mara tano sita, wanamwaga kwenye unga, wanakunja, chumani. Haifiki nusu dakika. Maji ya kitunguu hayana muda wa kutoka, na yakitoka yai limeshaganda.

Kwa nyumbani kuna njia nyepesi zaidi: vitunguu vya majani badala ya vitunguu maji. Ladha inakaribiana.

#11 Upepo wa Kusi
Nipo Muscat. Huku kitu hiki kinaitwa mutabbaq, kama Yemen na Hijazi. Jina ni la Kiarabu, lenye maana ya kilichokunjwa tabaka juu ya tabaka, na hili neno letu tabaka ni la mzizi huohuo. Kimefika mbali, Malaysia na Indonesia wana murtabak au martabak, kwa kima, yai na kitunguu vilevile. Kwa hiyo ndugu yangu Unguja Ukuu, hata kama jina la mkate wa mayai ni lenu, mkate wenyewe una ndugu katika nusu ya Bahari ya Hindi.

La kiufundi: wapishi wa mutabbaq wanaacha madonge ndani ya mafuta hasa, yaani yamezama nusu, saa tatu au nne. Mafuta yanazuia ukingo kukauka. Donge likipata ngozi kavu, hata ndogo kama kucha, mchano unaanzia hapohapo.

#12 Unguja Ukuu
Ndugu Upepo, hilo nimelikubali. Na kama ni cha chumvi, huku tuna pizza ya Forodhani, ile ya soko la usiku, ndiyo jamaa yake wa karibu. Tena pale wana dawa ya huyu dada. Wakishavuta unga, wanaweka katikati kipande cha pili kidogo cha unga, kama kiganja, ndipo wanaweka nyama, kitunguu, yai na vikorombwezo vingine. Sehemu ya chini, inayobeba uzito wote, inakuwa na tabaka mbili. Haitoboki. Katika kila donge lako kata gramu 15 za kiraka.

#13 Mwanagenzi
Mimi naonaga watu wanakandia maji ya moto kabisa, yanayotoka kuchemka, unga unakuwa laini sana. Hiyo haiwezi kusaidia kuvuta?

#14 Chuma Moto
Hapana @Mwanagenzi. Maji yanayochemka yanaupika wanga wa ngano papo hapo, ukawa kama uji mzito, na glutini haijengeki. Ulaini unaupata, ndiyo maana chapati za maji ya moto ni laini, lakini ulaini na mvuto ni vitu viwili. Ukiuvuta huo utakatika kama mkate wa jana. Maji yawe ya vuguvugu tu, kiasi cha kuweka kidole bila kukitoa.

Na @Unguja Ukuu, kiraka kinafaa Forodhani kwa sababu unawekwa kwenye mafuta mengi na chuma cha moto sana. Nyumbani, kwa mafuta ya kijiko kimoja, kiraka kinabaki kibichi katikati. Dada tayari ana shida ya unga mbichi.

#15 Unguja Ukuu
Kinabaki kibichi ukikiweka kinene. Kivute kwanza kiwe chembamba kama karatasi.

#16 Mkaa Mwekundu
Mmezungumza unga na kima hadi posti ya 15, moto mmeuacha. Wengi wanaweka chuma kwenye moto wa chini kwa kuogopa kuunguza. Mkate unakaa pale haugandi, yai linatembea ndani kama maji kwenye mfuko, linatafuta mlango. Ute wa yai huanza kuganda karibu nyuzi 62 na kiini karibu nyuzi 65 hadi 70. Upande wa chini ukifika huko mapema, yai linajifunga lenyewe na ule mkunjo unakuwa kama umeshonwa.

Utaratibu: chuma kipate moto wa wastani dakika tatu au nne kikiwa kitupu. Rushia tone la maji, likicheza na kupotea, tia mafuta kijiko kimoja kikubwa. Weka mkate UPANDE WA MIKUNJO CHINI kwanza, usiuguse dakika moja na nusu. Hapo punguza moto, nyunyizia mafuta kijiko cha chai ukingoni, geuza, dakika tatu. Geuza tena mara mbili, jumla kama dakika saba au nane. Pembe zibonyeze kwa mwiko bapa, sekunde kumi kila moja, maana ndipo tabaka zimejaa.

Wanaotumia gesi wajue moto uko duara katikati na pembe ziko nje ya duara. Sogeza mkate kila baada ya dakika moja. Kwenye jiko la mkaa shida hii ni ndogo.

#17 Pembe Nne
@Mkaa Mwekundu hili la mikunjo chini kwanza silikubali. Uzito wa kima na yai bichi unasukuma mikunjo kutoka ndani, na ikiwa haijashikana inafunguka hapohapo juu ya chuma. Mimi naanza na upande laini, mikunjo inabaki juu ikijikausha kwa mvuke dakika mbili, ndipo nageuza.

#18 Mkaa Mwekundu
Ukigeuza hapo yai lililo karibu na mikunjo bado ni maji, na geuzo ndilo linalomwaga. Mikunjo chini kwanza.

#19 Jira
Nimesoma wote. Dada Ukwaju, hujasema jambo la msingi: mkate unavuja SEHEMU GANI? Kutoboka na kufunguka ni magonjwa mawili.

Ukitoboka katikati ya chini, tundu dogo la mviringo, tazama kima: maji, au vipande vikubwa vya kitunguu, au kigegedu cha nyama kilichosagwa vibaya. Ukichanika kwenye kona au kando, mstari mrefu, ni unga haukupumzika au ngozi ilikauka kama alivyosema ndugu wa Muscat. Ukifunguka kwenye mkunjo wenyewe, unga mzima haujachanika popote, basi ni mafuta. Unga uliopakwa mafuta haushikamani na unga mwenzake. Watu wanavuta kwenye meza inayoelea mafuta, kisha wanakunja wanategemea ushikane. Haushikani. Gundi ya mkate huu ni yai.

Ninavyofanya: nikishavuta, naacha vidole viwili vya ukingo pande zote bila kima, nachovya kidole kwenye yai lililopigwa, napaka ukingo huo, ndipo nakunja kushoto, kulia, juu, chini. Kila mkunjo upite katikati kwa angalau vidole viwili juu ya mwenzake. Mkate uliokunjwa uwe na upana wa sentimita 14 hivi. Ukiona ni mdogo zaidi, tabaka zimejaa mno.

#20 Kijiko Kimoja
@Jira umenena. Naongeza moja kuhusu pembe mbichi: ukishavuta unga, ukingo wa nje unabaki mnene kama kamba ya viatu. Huo ukikunjwa ndani ndio unaokuwa mbichi. Pita na kisu ukate kamba yote, au ishike uivute peke yake mara ya mwisho. Vipande vinavyobaki viunganishe, vikae nusu saa, vinatoa mkate wa tisa.

#21 Mzizi wa Tangawizi
Hiyo kamba wengine tunaipenda, ndiyo inayotafunika.

#22 Ukwaju Mbichi
Kutokana na swali la @Jira: leo nimeangalia vizuri. Kati ya minane, mmoja umefunguka kwenye mkunjo, mmoja umechanika kando. Kitunguu nimechanganya mmoja mmoja kama alivyosema Mzizi, unga nimeulaza saa mbili kwenye mafuta, nimevuta hadi sentimita 36. Hakuna uliotoboka katikati. Pembe ni nzuri, isipokuwa mbili.

#23 Bi Saumu
Hakuna uliotoboka katikati. Kima, nilisema.

#24 Chuma Moto
Ilikuwa mitatu, leo miwili, na kilichobadilika kikubwa ni saa mbili badala ya nusu saa.

#25 Pembe Nne
Na unga bado ni wa protini 10, na bado mmoja umechanika kando. Badilisha unga, usibadilishe kitu kingine chochote, utuletee hesabu. Tena kwa unga wa 10 mililita 300 ni nyingi kidogo. Unga dhaifu hunywa maji machache. Anza na 275, ongeza kijiko kimoja kimoja mpaka uache kunata vidoleni. Unga wa 12 utachukua 300 hadi 310 bila shida.

#26 Upepo wa Kusi
Na chumvi usipunguze. Kijiko kimoja cha chai kwa nusu kilo si cha ladha peke yake, kinakaza glutini. Unga usio na chumvi unalegea, unanata na kuchanika.

#27 Mwanagenzi
Yai moja au mawili kwa mkate? Na linapigwa au linapasuliwa juu ya kima?

#28 Jira
Kwa ukubwa huo, yai moja la kawaida na vijiko vitatu vikubwa vya kima, yaani gramu 50 kwa 50. Mawili yanafaa ukivuta donge la gramu 130 na chuma kipana. Lipigwe. Ukilipasua juu ya kima, kiini kinakaa sehemu moja na ute unakimbilia kona, unapata kona moja tamu na nyingine kavu.

#29 Mkaa Mwekundu
Au pasua juu ya kima kisha koroga kwa ncha ya kijiko hapohapo juu ya unga. Unaokoa bakuli.

#30 Bi Saumu
Na unatoboa unga kwa ncha ya kijiko.

#31 Fundi Tanuri
Kwa mwenye tanuri na asiyetaka kusimama chumani nusu saa nzima wakati watu wanasubiri chakula: tumieni kima hichohicho, ila mikate iwe ya hamira. Unga nusu kilo, hamira ya chenga gramu 7, sukari kijiko kikubwa kimoja, chumvi kijiko cha chai kimoja, maziwa ya vuguvugu mililita 280, yai moja, siagi gramu 50. Kanda dakika kumi na mbili, acha uumuke mara mbili ya ukubwa, kama saa moja kwa joto la pwani. Madonge 14 ya gramu 65 hivi. Bapaza, katikati nene na kingo nyembamba, weka gramu 35 za kima BARIDI, kusanya kingo juu, finya, geuza finyo liwe chini. Acha dakika 25, paka yai, oka nyuzi 190 dakika 18 hadi 20.

Makosa matatu ya mikate hii. Kingo zikiguswa na mafuta ya kima, finyo linafunguka, kwa hiyo jaza kwa kijiko na ufinye kwa vidole vikavu. Ukiweka kima cha moto, hamira inakimbia upande mmoja na mkate unavimba kama jipu. La tatu linawasumbua wengi: ukikata unakuta pango juu ya kima. Kima kikavu kinakaa chini, mvuke unasukuma unga juu. Ponda kiazi kimoja cha gramu 100, changanya kwenye kima cha nusu kilo. Kinashika na pango linapungua.

#32 Kijiko Kimoja
@Fundi Tanuri kwa pango mimi nina sababu nyingine. Donge linaachwa kuumuka mno baada ya kujazwa. Dakika 25 kwa joto la Machi huku Mombasa ni nyingi. Kumi na tano zatosha.

#33 Fundi Tanuri
Kiazi kwanza, dakika baadaye. Lakini hoja yako ya joto ni kweli, mwenye baridi ya Arusha asifuate saa moja yangu.

#34 Mwanagenzi
Kuna njia nyingine, mkate wa mfuko: unga wa hamira usio na siagi, vibapa vya nusu sentimita, tanuri nyuzi 250 na sinia la chuma likiwa limeshapata moto, dakika tatu vinafura. Unakata nusu unajaza kima na yai lililokaangwa. Hakuna kuvuja.

#35 Mzizi wa Tangawizi
Hakuna kuvuja kwa sababu hakuna kilichofungwa, mwanangu. Ni mlo mzuri, lakini yai halijapikwa pamoja na unga, na utamu wa mkate wa mayai ni pale yai linaposhikana na tabaka la ndani. Angalia vibapa visikauke juu kabla ya kuingia tanurini, vikikauka havifuri.

#36 Ukwaju Mbichi
Swali la pembeni: naweza kuandaa mapema kwa ajili ya futari? Nikunje yote mchana nigandishe?

#37 Bi Saumu
Usikunje na yai bichi ukaweka. Baada ya robo saa unga wa chini umelowa, na kima chenye yai bichi hakikai nje ya friji. Gandisha kima peke yake, kimepikwa, kimekauka, kimepoa, kwenye vifuko vya gramu 200. Kinakaa miezi miwili bila shida. Madonge yalaze frijini kwenye chombo chenye mafuta tangu usiku, yatoe saa moja na nusu kabla ya kuvuta. Ya baridi yanakatika.

#38 Chuma Moto
Sahihi. Na usigandishe mkate uliokwisha kukaangwa. Ute wa yai uliopikwa ukigandishwa unakuwa kama raba na unatoa maji ukiyeyuka.

#39 Jira
Ukitoa chumani usirundike kwenye sahani. Wa chini unalowa kwa mvuke wa wa juu, na ile ngozi kavu inapotea. Simamisha kwa ubavu kwenye wavu au chekecheke, dakika tatu, ndipo ukate vipande vinne. Ukikata papo hapo yai la katikati linakimbia, watu wakadhani ni bichi.

#40 Ukwaju Mbichi
Ahsanteni sana. Leo: unga wa protini 12, maji 300, saa mbili, ukingo nimeupaka yai. Minane. Mmoja umevuja, kwenye mkunjo. Nilianza na mikunjo chini kwa mikate minne, upande laini kwa minne. Uliovuja ni wa mikunjo chini.

#41 Pembe Nne
Unga 12, hakuna uliochanika. Na mikunjo chini ndiyo iliyovuja.

#42 Mkaa Mwekundu
Mmoja kati ya minne si ushahidi. Ulikuwa wa ngapi kuingia chumani? Kama ulikuwa wa kwanza, chuma hakikuwa kimepata moto.

#43 Ukwaju Mbichi
Ulikuwa wa kwanza.

#44 Jira
Na ukingo wa huo wa kwanza uliupaka yai kabla au baada ya kuweka kima?

#45 Ukwaju Mbichi
Baada. Kidole kilikuwa na mafuta ya kima.